Waacheni Wapige Hesabu

Kuna kauli inayopigiwa makofi popote inapotamkwa, iwe kwenye mahafali, kwenye semina ya ajira au kwenye kijiwe cha kahawa: vyuo vyetu vinafundisha nadharia tupu. Mzazi anaisema akimtazama mwanawe mwenye stashahada ya uhandisi wa umeme na elektroniki, aliyekaa nyumbani bila kazi. Mwajiri anaisema. Wanafunzi nao wanaisema, tena kwa uchungu, usiku wa kuamkia mtihani wa hisabati. Na ushahidi ni uleule siku zote: mhitimu fulani alishindwa kufunga soketi, akaitwa fundi wa mtaani aliyeishia darasa la saba, akaifunga kwa dakika tano. Hukumu imeshatoka. Punguzeni hesabu, ongezeni bisibisi.

Kauli hiyo naipinga yote, sibakizi hata robo. Vijana wetu hawakuzidiwa na nadharia. Nadharia hawakupewa, na sasa tunataka kuwanyang'anya hata ile kidogo iliyowafikia.

Tuanze na nyumba, maana ndipo fundi wa mtaani anaposifiwa. Nyumba mpya imekamilika, taa zinawaka, friji linagandisha, na nje fimbo ya ethi imegongomelewa ardhini. Kwa macho, kazi imekwisha. Sasa waya ndani ya friji unachubuka na kugusa bodi ya chuma. Kila mtu anaamini kwamba umeme utakimbilia ardhini na breka itakata. Je, itakata? Hapo macho hayasaidii, wala wepesi wa mkono hausaidii. Inasaidia hesabu ya mstari mmoja. Fimbo ikiwa imegongomelewa kwenye mchanga mkavu au kifusi, ukinzani wa njia nzima hadi kwenye transfoma unaweza kufika omu 100. Gawanya volti 230 kwa 100, unapata ampea 2.3. Breka ya soketi ni ya ampea 32. Haikati leo, haikati kesho. Bodi ya friji inabaki na sehemu kubwa ya zile volti 230, ikimsubiri mtoto atakayetoka kuoga na kuushika mlango akiwa pekupeku. Wakati huohuo nusu kilowati inamwagikia ardhini usiku na mchana, uniti zaidi ya 12 kwa siku, na mwenye nyumba anaapa kwamba mita ya Luku inamwibia.

Dawa yake inafahamika: kifaa cha kuhisi umeme unaovuja, kile ambacho mafundi wanakiita RCD, kinachokata kwa miliampea 30 tu. Lakini fundi asiyejua ile hesabu atamshauri mteja asitupe pesa, kwa kuwa nyumba zote alizofunga bila kifaa hicho hazijaleta shida. Anasema kweli kuhusu alichokiona. Hitilafu ya namna hii haitoi mazoezi. Inatokea mara moja, na aliyeigusa huenda asiwepo wa kusimulia. Wala simdharau fundi huyo. Ana mikono ambayo mimi naionea wivu. Naye kanyimwa kitu kilekile tunachotaka kumnyima mwanafunzi wa chuo.

Au chukua nyutro iliyolegea juu ya nguzo. Nyumba mbili za jirani ziko kwenye fezi tofauti. Huku mtu anapiga pasi ya wati 2000, kule watu wanatazama televisheni ya wati 100. Nyutro ikikatika, pasi na televisheni zinajikuta zimeungwa mfululizo kati ya fezi mbili zenye volti 400. Ukipiga hesabu ya mgawanyo wa volti utaona televisheni imeangukiwa na volti zipatazo 380. Mtaa utasema umeme umekuja mkubwa. Aliyesoma na akaelewa anajua kwamba kwenye transfoma haijaongezeka hata volti moja, na ngazi yake anaiegemeza moja kwa moja penye kiungio cha nyutro.

Nitajibiwa kwamba hayo ni ya msingi, hakuna anayetaka yaondolewe. Tatizo ni zile hesabu za juu. Mzizi wa hasi moja utamsaidia nini mtu Kariakoo? Swali hili nimelisikia likiulizwa darasani kwa sauti ya kukata tamaa, na linastahili jibu la heshima. Namba changamano hazikuletwa kumtesa mwanafunzi. Umeme wa mkondo geu ulipoanza kuenea, wahandisi walikuwa wanahangaika na kalkulasi ndefu kwa kila saketi, mpaka Charles Steinmetz alipowaonyesha wenzake kwenye kongamano la Chicago mwaka 1893 kwamba kazi ileile inawezekana kwa aljebra ya kawaida, mradi ukubali kuitumia ile namba ya ajabu. Aliwapunguzia mzigo.

Na Kariakoo inafika. Fikiria karakana ya mbao yenye mota zinazokula kilowati 60, pawa fakta yake ikiwa 0.7. Kwenye mtandao inavuta karibu kVA 86. Ikifungiwa kapasita za kuipandisha pawa fakta hadi 0.95, kilowati zinabaki 60 zilezile, mbao zinachanwa vilevile, lakini kVA zinashuka hadi 63. TANESCO inawatoza wateja wake wakubwa kwa kVA za juu walizofikia ndani ya mwezi, mbali na uniti walizotumia. Tofauti ya kVA 22 na ushee inaonekana kwenye ankara kila mwezi. Mwenye karakana hataambiwa hayo na mtu anayejua kukaza skrubu peke yake. Na ukubwa wa kapasita haupatikani kwa kubahatisha. Ukizizidisha, volti zinapanda na vifaa vinaumia.

Sasa tuangalie kile ambacho watu wanakiita nadharia wanapolaumu vyuo. Ingia hosteli wiki moja kabla ya mtihani. Kila mmoja ana desa lake, limetolewa kopi ya kopi mpaka alama za mishale kwenye michoro zimefutika. Ndani yake kuna maswali ya miaka iliyopita yaliyokwisha kujibiwa. Kijana anajua hatua zote za kanuni ya Thevenin, mradi mchoro uje kama ulivyo kwenye desa, betri kushoto na mzigo kulia. Ukimgeuzia mchoro, betri ikawa juu, amepotea. Anafaulu kwa sababu mwalimu naye anajua ni maswali gani yanazunguka. Anayeshindwa anasapu, yaani anarudia mtihani, akishindwa tena anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na aliyefaulu hakumzidi kitu isipokuwa kumbukumbu. Huko ni kukariri, na kukariri kukipewa jina la nadharia tunaitukana nadharia bure.

Maabara nayo ni vilevile. Nimeona wanafunzi kumi na kitu wakizunguka osiloskopu moja. Mmoja anazungusha vitufe, wawili wanachungulia, waliobaki wanasubiri namba ili waandike ripoti. Ripoti zenyewe nyingi zimenakiliwa kwa waliotangulia, na umbo la wimbi linachorwa zuri kuliko lile lililotoka kwenye mashine. Halafu kijana anakwenda fildi, anashikishwa ngazi na kutumwa chai mpaka muda unaisha, anagongewa muhuri kwenye kitabu chake na kurudi. Amekosa hiki na amekosa kile. Ndipo anasimamishwa mbele ya soketi na watu wanatikisa vichwa: mnaona, nadharia imemzidi!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushauri huu wa kupunguza hesabu wanapewa watoto wa watu wa aina moja. Sijawahi kumsikia mwenye uwezo akimpeleka mwanawe ng'ambo kusomea uhandisi kwa sharti kwamba asifundishwe kalkulasi. Mtoto wa maskini ndiye anayeambiwa ajifunze kitu cha mkononi, kimtoe haraka, mengine hayamhusu. Matokeo yake tunayaona kwenye mambo makubwa. Chuo cha ufundi ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1957. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mkataba wa kujenga Bwawa la umeme la Julius Nyerere, uliosainiwa Desemba 2018, ulikwenda kwa kampuni za Misri. Sina ugomvi na Wamisri, wamejenga. Lakini mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, imebaki hapa na itazunguka kwa miongo mingi. Mtambo wa namna hiyo hauingizwi kwenye gridi kwa kupapasa. Volti zake, masafa yake na mpangilio wa fezi zake lazima vikubaliane na vya gridi kabla swichi haijafungwa, na rilei za ulinzi lazima zipangwe na mtu aliyekwisha kukokotoa mkondo wa hitilafu utakuwa kiasi gani na utapita wapi. Treni ya SGR inayokwenda Dodoma inakimbia kwa volti 25,000. Je, mpangilio wake tutauelewa wenyewe, au kila kitu kikizima tutapiga simu nje?

Nasema haya wakati mkondo wa amali umeingia sekondari kwa mtaala mpya, na mimi naufurahia mkondo huo. Mtoto wa kidato cha kwanza kushika koleo na waya ni jambo jema. Ninachohofia ni ile kauli ya makofi kuupanda mgongoni, mpaka amali ikawa ruhusa ya kuacha hisabati, na idara za umeme vyuoni zikapokea vijana wasioweza kupanga upya fomula ya Ohm.

Ninachotaka kutoka kwenye idara hizo ni kidogo na kinapimika. Ondoeni walau mtihani mmoja wa desa. Badala yake kila mwanafunzi apewe fimbo ya ethi na kipande cha uwanja wa chuo. Kwanza akae na karatasi, aukadirie ukinzani kwa urefu wa fimbo na aina ya udongo. Kisha aigongomelee mwenyewe, apime kwa kifaa, aandike namba mbili sambamba, na aamue kama breka ya ampea 32 itakata au haitakata. Namba hizo hazitalingana. Udongo haujasoma kitabu. Nusu ya maksi ziende kwenye maelezo yake ya kwa nini zimetofautiana. Fimbo ni za kuazimana, kifaa kimoja kinatosha darasa zima kwa zamu, na uwanja kila chuo kinao. Muhula ujao zoezi hili linaweza kuanza.