Swali Lisikiwe na Wenzetu Kabla ya Juri

Katika vyuo vya Butembo na Beni, mara nyingi mwanafunzi huchagua mada, huipeleka kwa mwalimu anayemwongoza, hupata sahihi, kisha huingia kazini. Wenzake huisikia siku ya kutetea memwari, wakiwa wamekaa nyuma wakingoja kupiga makofi. Siku hiyo hawana tena la kumsaidia.

Mimi nasema swali la utafiti lisomwe mbele ya darasa kabla ya sahihi, likiwa bado bichi.

Tuseme mwenzetu amechagua « Nafasi ya lugha katika mapambano dhidi ya Ebola huko Beni ». Mada ina uzito: mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, ukamalizika tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Lakini swali liko wapi? Aliyekulia Mangina atauliza: lugha ipi? Nyumbani wengi huongea Kinande, sokoni Kiswahili, na karatasi za serikali ni za Kifaransa. Mwingine ataingilia: huku kwetu « munganga » ni daktari wa hospitali, ilhali kwa Mtanzania mganga mara nyingi ni yule wa mitishamba. Basi tangazo la afya lililoandikwa kwa Kiswahili cha mbali, mama wa shambani hulielewaje? Hapo swali limezaliwa, dogo, lenye mipaka, la kujibiwa kwa kukaa na mama wenyewe na kuwasikiliza. Mwalimu mmoja mwenye kazi nyingi za kuongoza hawezi kuyaona yote hayo peke yake.

Kuna na swali jingine: utafika? Anayetoka Oicha au Eringeti anajua kijiji gani kimehamwa na wenyeji wake wamekimbilia wapi. Heri uambiwe na mwenzako mapema kuliko kuyajua ukiwa umeshalipa pikipiki.

Wengine wanaogopa kuibiwa mada. Hofu hiyo naielewa, ila wizi hupenda giza. Swali lililosikiwa na darasa zima, likaandikwa katika daftari na tarehe yake, lina mashahidi.

Hofu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchekwa Kifaransa. Hapo sitaki huruma kwa wanaocheka, sisi ambao tunajiita wanafunzi wa lugha! Mwenye swali aliseme kwa Kifaransa, kisha alirudie kwa Kiswahili, au kwa Kinande akipenda. Mara nyingi maneno makubwa kama « problématique » huanguka njiani, na tunaona kama kuna kitu kilichobaki. Wanaosikiliza nao waache kusema « ni nzuri sana, ndugu », kwa kuwa sifa hiyo haimsaidii mtu kuandika hata mstari mmoja. Aseme: hapa nimepotea, neno hili lina maana mbili, nenda kamwone mtu fulani kwa jambo lile.

Haihitaji bajeti wala barua kwa mkuu wa kitivo. Saa moja kwa juma, maswali mawili. Na ningeomba tuanze na yule ambaye mada yake imekwisha kusifiwa na kila mtu, maana hiyo ndiyo ambayo bado hakuna aliyethubutu kuiuliza chochote.