TAHARIRI: TAA YA MLINGOTINI SI PAMBO



Katika mkutano uliopita kamati iliomba hela za kufunga upya taa ya mlingotini na waya zake kwenye mtumbwi wetu wa tanga, ule ulioko ziwani upande wa Geita. Ndugu mmoja akasimama akasema, "Sisi watu wa Nyasubi ni wakulima wa mpunga na pamba. Taa juu ya mti ya nini? Si pambo tu hilo?" Watu wakacheka, hoja ikaahirishwa. Gazeti hili linasema: hapana jamani, hoja ile haikustahili kuchekwa.

Kila mmoja wetu anaujua mkokoteni wa ng'ombe usiku katika barabara ya kwenda Kakola. Hauna taa, na dereva wa lori anauona akiwa ameshaufikia. Ziwani ni vivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu boti ya injini haina breki. Mtumbwi usio na taa ni gogo linaloelea. Na usiku wa giza ndio usiku wetu wa kazi, maana dagaa huifuata taa vizuri mwezi usipokuwepo.

Wengine watauliza, mbona taa za kuvulia zipo? Zipo, lakini zile huelea juu ya maji, mbali na mtumbwi. Kazi ikiisha zinazimwa, na vijana wanatia nanga kungoja upepo wa mchana uwarudishe ufukweni. Hapo ndipo taa ya mlingotini inapotakiwa, nyeupe, inayoonekana pande zote. Mwezi uliopita boti moja iliwapita karibu kiasi cha kuwamwagia maji. Taa yetu ilikuwepo juu, lakini imekufa.

Ilikufa kwa nini? Hapa hatuna budi kujikosoa. Kamati, na mhariri akiwemo, tulipitisha waya mwembamba wa spika kwa kuwa ulikuwa rahisi. Viungo vilisokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Maji yakaingia, shaba ikaota kutu ya kijani. Mlingoti unatikisika usiku kucha, basi waya ukakatika pale chini unapotokea. Na mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha msumari! Nyaya zikigusana, msumari haukatiki; waya ndio unaowaka, na mtumbwi ni wa mbao.

Safari hii kazi ifanywe hivi:

1. Waya uwe wa njia mbili, wenye nyuzi nyingi laini na ganda nene, mzima bila kiungo kutoka chini ya mlingoti hadi kwenye taa.

2. Ufungwe kwenye mlingoti kila baada ya shibiri moja, usipigwe na kamba za tanga. Chini uachiwe kitanzi kinachoning'inia, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye betri.

3. Fyuzi ya ampea 2 iwekwe karibu kabisa na betri, upande wa chanya. Msumari marufuku.

4. Betri ikae ndani ya sanduku lenye kifuniko, imefungwa isihame.

5. Taa iwe ya LED. Piga hesabu mwenyewe. Taa ya wati 3 kwenye betri ya volti 12 inakula robo ampea. Kwa saa 12 ni ampea-saa 3. Globu ya zamani ya wati 10 inakula kama 10 kwa muda huo huo. Betri yetu ni ya 7 tu. Ndiyo kusema ile globu isingefika asubuhi hata waya ungekuwa mzima.

Tochi nayo isiachwe nyumbani. Tanga likitwekwa huweza kuiziba taa ya juu. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, ziliwakumbuka hata wadogo: chombo cha tanga kisichofika mita 7, kama hakiwezi kuweka taa zake zote, kiwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema kabla ya ajali. Ziwa letu si bahari, lakini somo ni lile lile. Boti ikija, imulike, kisha limulike na tanga lako lionekane.

Kuhusu hela: mnunuzi alete bei za maduka matatu ya Kahama, na stakabadhi zibandikwe hapa hapa ukutani kila mtu azisome.

Vijana wanne walioko ziwani ni watoto wetu. Dagaa wao tunawala na ugali wetu, na faida tunagawana. Jumamosi hoja inarudi mkutanoni. Aliyecheka aje, na asiyecheka aje, tunyooshe mikono.

Mhariri