Alpaka: Usinunue Mnyama, Soma Lebo

Kuna video zinazunguka za wale wanyama wenye shingo ndefu na manyoya kama godoro. Wanaitwa alpaka, na chini yake maneno ni yaleyale: fursa mpya, wahi mapema. Wauzaji wenzangu wawili wameniuliza kama watoe hela ya mtaji. Jibu langu ni hapana. Ila kwa huyu mnyama kuna hela ndogo ambayo sisi wa mitumba tunaikalia bila kujua, nitaifikia.

Alpaka ni ndugu wa ngamia, na akikasirika anatema mate vilevile. Kwao ni milima ya Andes, hasa Peru na Bolivia, juu kule mita 3,500 na zaidi ambako usiku baridi ni kali. Anafugwa kwa ajili ya sufu. Ananyolewa mara moja kwa mwaka na kutoa kilo chache tu. Jike anabeba mimba karibu miezi 11 na nusu, anazaa mtoto mmoja. Peke yake hakai, lazima awe na wenzake.

Sasa mlete huyo Mbuchi. Huku delta ya Rufiji ni joto, mikoko na tope, na ukienda bara kidogo kuna mbung'o. Mnyama aliyevaa koti la baridi saa 24 utamweka wapi? Ungeniambia Makete, kidogo ningekuelewa.

Lakini hali ya hewa siyo hoja yangu kubwa. Swali ni hili: huyo anayekuuzia mnyama, sufu yake anamuuzia nani? Marekani walianza kuingiza alpaka kibiashara mwaka 1984. Jike wa mbegu alifika bei ya maelfu ya dola, wengine makumi ya maelfu. Hela ile haikutoka kwenye sufu. Ilitoka kwa mfugaji mpya, ikaenda kwa mfugaji wa zamani. Baada ya uchumi kuyumba mwaka 2008 wapya wakapungua, bei ikaporomoka, watu wakawa wanagawa wanyama bure.

Sisi tulishaiona hiyo kwa kware. Kenya mwaka 2013 yai la kware liliuzwa mara kadhaa ya bei ya yai la kuku, watu wakiambiwa linatibu kila ugonjwa. 2014 soko likafa, watu wakabaki na mabanda. Tofauti ni mwendo tu. Kware anaanza kutaga akiwa na wiki sita, saba hivi, kwa hiyo ndani ya mwaka kila mtaa una kware na ukweli unajulikana. Alpaka anazaa mmoja kwa mwaka, soko linachelewa kujaa, ndo maana kule waliendelea kuamini miaka zaidi ya 20. Mimi mradi unaochelewa kufa ndio unaonitisha zaidi. Unapata muda wa kukusanya hela za wengi.

Haya, hela niliyoisema. Sweta za alpaka zinaingia kwenye mabelo ya mitumba, na wengi tunaziuza bei ya sweta la kawaida. Ukichagua mzigo Karume, geuza shingo na mshono wa pembeni, soma lebo. Ikiandikwa alpaca asilimia 100 au 70, weka pembeni. Ikiwa asilimia 10 na iliyobaki ni akriliki, hilo ni sweta tu, usimdanganye mteja. Ukikuta baby alpaca, haimaanishi sufu ya mtoto wa alpaka wala nguo ya mtoto. Ni daraja la ulaini, na lina bei nzuri.

Lebo imekatwa? Vuta uzi mmoja ndani ya mshono, uchome. Sufu inanuka kama nywele zinazoungua na majivu yake yanasagika. Plastiki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Hiyo haikwambii kama ni alpaka au kondoo, kwa hiyo kwenye tangazo andika sufu tu.

Usiliuze Kibiti, nani atavaa? Tangaza kwa watu wa Njombe, Makete, Lushoto, Arusha, na wanaosafiri Ulaya, hasa kuanzia Mei baridi ikianza. Lifue kwa maji baridi, usilikamue, usilianike kwenye kamba maana litavutika, litandaze kwenye mkeka kivulini. Picha ya kwanza iwe sweta zima, ya pili lebo kwa karibu, isomeke.