Kilichopasuka ni Kioo Tu

Kwenye kituo cha vijana ninakofanya kazi hapa Kampala kuna kabati la chuma. Ndani ya hilo kabati kuna laptopu saba. Ziko humo tangu mwaka juzi, zimefungiwa kwa kufuli. Kila moja imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: MBOVU. Na juu ya mfuniko kuna kibandiko kingine, cha rangi nzuri, chenye nembo ya mfadhili. Hicho hakibanduki hata ukikikwangua kwa kucha.

Siku moja niliomba ufunguo nikazikagua. Tano kati ya zile saba hazina ugonjwa wowote zaidi ya kioo kilichopasuka. Nilijuaje? Nilichukua waya wa HDMI, nikaziunganisha moja moja kwenye televisheni ya ukumbini, ile tunayoangalia mpira. Picha ikatoka safi. Kibodi inaandika, betri inashika chaji, faili zote zimo. Kinachokosekana ni pa kuonea tu. Sasa mtu akivunjikiwa miwani, mnamzika?

Naandika kwa hasira, sitaficha. Wasomaji wenzangu wa Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, mnivumilie mpaka mwisho.

Mwaka jana alikuja kituoni dada mmoja wa miaka 19, mzaliwa wa Masisi. Amemaliza S6 na alama nzuri. Alikuwa anaomba ufadhili wa chuo. Fomu ni ya mtandaoni, kurasa nyingi, na vyeti vyote lazima vipandishwe humo. Simu yake ndogo ilifungua ukurasa wa kwanza, wa pili ikakwama. Kituo kilikuwa na laptopu mbili zinazofanya kazi na foleni ya vijana kumi na wawili. Zamu yake ilifika saa kumi na nusu. Saa kumi na moja tunafunga. Akakimbilia kwenye kafe ya intaneti, hela aliyokuwa nayo ikaisha kabla fomu haijaisha. Saa sita usiku mlango wa maombi ukafungwa.

Leo yule dada anatembeza bitenge kutoka Nsambya mpaka Kabalagala, amebeba kichwani na mkononi. Kuuza bitenge ni kazi ya heshima, mama zetu wametulea kwa kazi hiyo. Lakini siku ile alipokuwa kwenye foleni, hatua sita kutoka alipokaa kulikuwa na mashine tano nzima ndani ya kabati. Mimi nilijua ziko pale, na ile siku nilinyamaza. Hilo linanichoma zaidi ya yote.

Baadaye ikanikuta mimi mwenyewe. Nilipanda taksi Old Taxi Park, laptopu iko kwenye begi mapajani. Abiria wa pembeni akaegemeza gunia la viazi. Sikusikia mlio wowote. Kufika nyumbani nafungua, naona doa jeusi kama wino umemwagika, na mistari ya kijani kutoka juu mpaka chini. Fundi wa kwanza mjini akaniambia shilingi 350,000. Nikamuuliza, kaka, kioo chenyewe peke yake ni bei gani? Akanikazia macho, hakunijibu. Nikazunguka maduka ya pande za William Street, nikapata kioo kwa 180,000. Hiyo 170,000 iliyobaki ilikuwa bei ya woga wangu.

Basi nikabadilisha mwenyewe, juu ya kitanda, nimetandika taulo. Mama yangu alikaa mlangoni. Alisema mara moja tu, “We mtoto, utaua kitu,” halafu akaanza kuomba kimya kimya. Nawaeleza nilivyofanya, maana hakuna siri yoyote. Unazima mashine kabisa, unachomoa chaja, na betri unaitoa au unachomoa waya wake. Hilo la betri usiliruke. Fremu ya plastiki inayozunguka kioo unaibandua polepole kwa kadi ya zamani ya benki. Wakati mwingine kuna skrubu mbili zimefichwa chini ya vipande vya mpira kwenye kona. Ndani unakuta kioo kimeshikwa na skrubu nne. Unazitoa kwa bisibisi ndogo ya nyota, ile kwetu tunaita turnavisi, unaziweka kwenye kifuniko cha soda zisipotee. Unalaza kioo kifudifudi juu ya kibodi. Nyuma yake kuna waya mmoja bapa. Unabandua utepe wake, unauvuta ulivyokaa bila kuupinda. Kioo kipya unakichomeka kwa njia hiyo hiyo, unawasha kujaribu kabla ya kurudisha fremu. Kwa mashine kama yangu, zenye fremu ya kubandua, ni hayo tu. Zile za kugusa kwa kidole, au zile nyembamba ambazo kioo kimegandishwa kwa gundi, ni kazi ngumu zaidi; hizo anza na mtu anayejua.

Sitawadanganya kwamba nilifaulu mara ya kwanza. Kioo cha kwanza nilichonunua hakikuingia. Kilikuwa na pini 40, mashine yangu inataka 30. Nyuma ya kila kioo kuna kibandiko chenye namba yake ya modeli, na mimi sikukisoma. Nilirudi dukani, tukabishana nusu saa, nikaongeza 10,000 ndipo akanibadilishia. Kwenye fremu nilivunja vishikizo viwili, mpaka leo nimeshikilia kwa selotepu. Lakini makala haya nimeyaandika kwenye mashine hiyo.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa afisa anayesimamia vifaa. Sitaji jina lake wala la shirika, na si mtu mbaya. Nikamwambia, mzee, nipe ruhusa, zile tano nitazifufua. Akanijibu kwa upole, “Ndugu yangu, nakuelewa, lakini zile ni mali ya mfadhili. Kuna utaratibu.” Akanipa sababu tatu. Nimezilala nazo muda mrefu, leo nazijibu.

Ya kwanza ni waranti. Ati tukifungua mashine waranti inakufa. Lakini waranti ya kawaida hulipia kosa la kiwandani. Kioo kilichovunjika kwa kuanguka au kukaliwa huwa hakimo. Na zile za kabatini waranti yake imeisha ziko humo humo. Tunalinda karatasi ambayo haituletei kitu.

Ya pili ni uwajibikaji. Ati mkaguzi akija atauliza nani alifungua. Sawa, tumwandikie. Daftari moja: tarehe, namba ya mashine, kioo kilichonunuliwa, bei, risiti, sahihi ya aliyetengeneza na ya aliyeshuhudia. Huyo mkaguzi akiona daftari hilo atapata kila jibu. Mimi ningependa aulize swali lingine: kwa nini mashine tano nzima zimekaa gizani mwaka na zaidi, na vijana wako foleni? Swali hilo linakosa sahihi ya mtu.

Ya tatu ni usalama. Hapa namheshimu, maana kuna ukweli. Betri iliyovimba haiguswi, unaita mtu anayejua. Vioo vya zamani vya taa ya mrija vilikuwa na umeme mkali ndani. Lakini hivi vya LED vya miaka hii havina umeme wa namna hiyo, na ukishachomoa betri, hatari kubwa iliyobaki ni kujikata na kioo. Kijana anayewasha sigiri ya makaa kila jioni na kupanda boda kila asubuhi mnamlinda dhidi ya bisibisi?

Sababu ya nne hakuitamka, ila niliisikia. Ni kwamba mkimbizi ni mtu wa kupokea. Anapiga foleni, anaweka sahihi, anapigwa picha ameshika boksi. Kufungua boksi lenyewe na kugusa ya ndani, hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Tunaambiwa tujitegemee. Sisi tunaoishi Kampala tunajua neno hilo vizuri, maana aliyechagua mji hahesabiwi kwenye mgao wa makambini. Haya, kujitegemea ni nini kama si kutengeneza kilichoharibika kwa mikono yako?

Tena mashine hizi si ngeni kwetu hata kidogo. Koltani ya Rubaya, pale Masisi anakotoka yule dada, inatoa tantalamu inayotumika kwenye kapasita ndogo za simu na kompyuta. Kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Udongo wetu umo ndani ya hizo laptopu. Wengi wetu tulikimbia vita ambavyo madini hayo yanavilisha. Halafu mashine inatufuata mpaka Kampala na kibandiko kinachosema usifungue.

Wenzetu huko mashine zinakotoka wamelichoka jambo hili zamani. New York walisaini sheria mwaka 2022 inayowataka watengenezaji wa vifaa vya elektroniki watoe vipuri na maelekezo kwa mwenye kifaa na kwa mafundi wa mtaani. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza mwaka 2024, ikianza na bidhaa kama mashine za kufulia, friji na simu. Mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za elektroniki tani milioni 62, na zilizothibitishwa kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Kwa hiyo mfadhili wa Ulaya nyumbani kwake anadai haki ya kutengeneza, na kwenye mradi wake hapa hiyo haki haimo.

Na msituambie tusubiri, mpya zinakuja. Mei 2025 msaada wa chakula wa WFP ulikatwa kwa karibu wakimbizi milioni moja humu Uganda. Kama unga wenyewe umekatwa, nani anaamini kuna boksi la laptopu njiani?

Sasa nageuka kwetu, maana na sisi tuna makosa. Tumezoea kusubiri mpaka tumesahau kwamba tuna mikono. Laptopu ikipasuka kioo tunaiuza kwa bei ya chuma chakavu, 50,000 au 60,000. Aliyenunua anaweka kioo, anatuuzia tena kwa mara kumi, na sisi tunashukuru. Na nyinyi kaka zangu, kila tukikaa kufungua kitu mnawasukuma dada pembeni, ati washike tochi. Kwenye kundi langu mwenye mkono mtulivu kuliko wote ni msichana. Mimi mwenyewe waya ule bapa namwachia yeye.

Madai yangu ni machache. Mradi wowote utakaoleta laptopu kumi, ulete pia hela ya vioo viwili na seti ya bisibisi. Iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, isiwe ombi la kupigia magoti. Pili, kila kituo kiruhusu vijana waliofundishwa kufungua vifaa mbele ya msimamizi, na daftari kama nililolieleza. Tatu, kijana anayetengeneza alipwe kama fundi mwingine yeyote anavyolipwa. Msimwite mjitolea halafu mkamlipa fundi wa mjini mara mbili.

Mkiona gharama ni kubwa, pigeni hesabu. Vioo vitano kwa bei niliyonunua mimi ni 900,000. Kwa hela hiyo hapa mjini sijui kama utapata laptopu mbili zilizotumika.

Ruhusa ya kabati bado sijapata. Wakati nasubiri, kila Jumamosi saa nane natandika taulo kwenye meza ya nyumbani kwetu Nsambya, tunajifunza kwenye mashine zetu wenyewe zilizokufa. Tumeshawasha sita, moja tumeiua kabisa, nayo tunaitumia kama vipuri. Yule dada wa bitenge anakuja akishamaliza kuzunguka. Wiki iliyopita alisoma kibandiko cha nyuma ya kioo bila kuambiwa, akahesabu pini, akasema 30. Maombi ya ufadhili yanafunguliwa tena mwakani, na anataka mashine yake mwenyewe kabla ya hapo.

Ndugu afisa, najua unasoma jarida hili. Njoo Jumamosi, mama atakupa chai. Na ukija, njoo na ule ufunguo.