Nani analipwa kusema "leo hatuingii"?

Leo nina la moyoni, na najua kuna watu watanuna. Kila duara linapotitia huko Kanda ya Ziwa, hapa kampasi utasikia wimbo uleule: "Wale jamaa hawajasoma, wana tamaa, ungewafanyaje?" Halafu mtu anarudi kudesa. Jamani, huo ni uvivu wa kufikiri.

Kwenye maduara ya Geita na Shinyanga wapo watu wanaojua kusoma mwamba. Si waganga, ni watu waliokaa chini miaka mingi. Anagonga ukuta kwa nyundo: mlio ukiwa mkavu, mwamba umeshikana, ukilia kama debe tupu, kuna uwazi nyuma yake. Anasikiliza matimba, maana gogo likianza kulia limeshazidiwa. Anaangalia vikokoto vinavyodondoka vyenyewe, ufa uliopanuka tangu jana, maji yanayotoka mahali palipokuwa pakavu. Ni mambo yaleyale tunayofundishwa darasani kwa majina makubwa na hesabu. Yeye kafundishwa na waliomtangulia, na mengine kafundishwa na misiba.

Sasa linganisheni. Mgodi mkubwa wa wazi huwa na mhandisi wa miamba mwenye digrii, mshahara na bima. Migodi ya aina hiyo hutumia rada inayoona ukuta ukisogea hata milimita chache. Hatari ikionekana, watu na mitambo vinaondolewa, na mshahara wa mhandisi haupungui. Mzee wa duara yeye anakula kwa mgawo wa mawe. Akisema "leo hatuingii", hakuna mawe, hakuna mgawo, na yeye mwenyewe analala njaa. Huyo atatabiri kwa uhuru gani?

Chukueni Ng'alita, wilaya ya Bariadi, ambayo hadi 2012 ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Januari 2024 watu 22 walifukiwa wakafa. Mvua zilikuwa kubwa, na viongozi walisema wachimbaji walishaambiwa wasubiri. Wakaingia. Wenzangu wanaitumia habari hii kama ushahidi kwamba wale watu ni wabishi. Mimi naona kinyume: utabiri ulikuwepo, na ulikuwa sahihi! Kilichokosekana ni mtu wa kubaki palepale kila siku mwenye nguvu ya kufunga shimo, pamoja na kitu cha kula kwa siku za kusubiri. Amri peke yake haizuii udongo, na haishibishi.

Sisi tunapenda sana habari za uokoaji. Nyangalata, Kahama, 2015: watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Nyarugusu, Geita, Januari 2017: 15 wakatoka wote. Tulishangilia, na ni haki. Lakini Agosti 2025 tukarudi palepale, watu 25 wakanaswa chini kule Nyandolwa, Shinyanga. Baada ya kila ajali tunauliza nani atawatoa. Tuulize pia nani alikuwa na kazi ya kuwazuia wasishuke.

Kuna watakaosema huwezi kumpa kazi ya kitaalamu mtu asiye na digrii. Haya, twendeni Uswisi, ambako theluji huporomoka milimani na kufukia watu. Taasisi ya SLF pale Davos imekuwa ikitoa taarifa za hatari hiyo tangu 1945. Wasomi wamo, lakini wanategemea pia waangalizi wanaoishi hukohuko milimani, waliofundishwa kupima theluji na wanaolipwa. Marekani nako watabiri wengi walianza kama walinzi wa viwanja vya kuteleza kwenye theluji, au waongoza wageni milimani. Walianza kwa miguu, karatasi ikafuata.

Basi hoja yangu ni hii. Mzee anayesoma mwamba apimwe kwa vitendo, kwa Kiswahili, apewe cheti. Alipwe kwa siku na mwenye leseni, asilipwe kwa mgawo. Na akisema duara lifungwe, lifungwe, mwenye duara asimpindue mpaka afisa madini aje akague. Mtasema gharama? Mbona pampu, kamba na mafuta vinalipiwa kabla hata punje moja ya dhahabu haijaonekana?

Na sisi wa jiolojia na uhandisi migodi tusijifanye hatuhusiki. Wengi tunaota mgodi mkubwa, gari la kazi na helmeti mpya. Hakuna dhambi. Lakini ukienda mafunzo kwa vitendo Geita, pita na kwenye maduara ukiwa na daftari. Yule mzee ana nusu ya somo, wewe una nusu nyingine, na mkikaa mbalimbali wanaolipia ni vijana walioko chini.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje na hoja, asije na matusi.