Mpagazi asiachwe benchi

Kuna marafiki hupigana vita vya ukoloni mezani: vijiaskari, dadu na futi ya kupimia. Mechi tamu ipo Kagera. Juni 1916 jeshi la Wabelgiji, lililojaa askari wa Kongo, liliitwaa Biharamulo. Septemba likaingia Tabora.

Tatizo ni kikosi. Bunduki imo, mzinga umo, mpagazi husahaulika. Kumbe yeye ndiye kiungo! Bila yeye hakuna risasi wala posho, na njaa na maradhi vilimmaliza kuliko vita vyenyewe.

Basi meza ikitandikwa Ngara au Biharamulo, mpagazi aanze. Akianguka, jeshi zima lisimame. Hata Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, inabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Mwingereza.