Glasi isitembee peke yake



Tukisikia neno "tapas", wengi tunafikiri ni chakula ya wakubwa, ya restora yenye kitambaa nyeupe na bei ya kutisha. Sivyo. Kule Hispania ni chakula ya watu wote, na watu wa kazi wamo. Ni sahani ndogo inayofuata glasi: zeituni, mkate, samaki wadogo wa kukaanga, mayai na viazi, ama makayabu kama ile tunayopika hapa na nyanya. Neno lenyewe ni kifuniko. Wazee wa kule wanasimulia kwamba zamani kipande cha mkate kiliwekwa juu ya glasi ili nzi wasiingie.

Muangalie muji wa Linares, kusini mwa Hispania, muji uliokua juu ya madini ya risasi. Mpaka leo, ukiomba glasi ya divai pale, sahani ndogo inakuja nayo bila kulipa zaidi. Tumbo haliachwi tupu. Na meza si ya wanaume tu: mzee yuko, bibi yuko, mtoto yuko na soda yake. Sahani inakaa katikati, kila mutu anachukua kidogo.

Huku kwetu siku ya mshahara tunaijua. Mwanaume anatoka kazi na makuta, anaenda moja kwa moja mbele ya chupa, na njaa yake. Akifika nyumba, bukari haina mboga na minervali ya mtoto imekwisha kunywewa. Hatusemi musikunywe. Jasho ni yenu. Tunasema meza isimuache mama nyumbani.

Lakini tusiwagombeze wanaume peke yao. La Unión, karibu na Cartagena, wachimbaji walikuwa wanalipwa kwa boni, si kwa feza. Boni ile ilikwenda katika duka za watu wa mgodi, na bei ilikuwa yao. Mwaka 1898 wachimbaji waligoma juu ya jambo hilo. Walijua kwamba mutu asiyeshika mshahara wake mkononi hawezi kuchagua anakula nini, wala na nani.

Na sisi tuna boni zetu. Kuna kampuni za sous-traitance zinazokata deni ya kantini mbele mshahara haujafika, na mfanyakazi hajui bia ngapi, mkate ngapi, bei gani. Code du travail ya 2002 inataka mshahara uhesabiwe kwa feza halali ya inchi. Basi sendika inaomba mambo matatu: kila makato yaandikwe wazi kwenye karatasi ya mshahara, deni isikatwe bila mwenyewe kutia sinyatire, na bei ya kantini ibandikwe mlangoni, delege aione.

Sehemu ingine ni yetu wenyewe. Mwisho wa mwezi huu, kila nyumba ya kartie ilete sahani moja: karanga, ndakala, mikate, chochote kilichopo. Tukae pamoja, mwenye kunywa anywe akiwa amekula. Na karatasi ya mshahara iwekwe mezani pia, ba mama waisome. Macho ya wengi yanaona makato ambayo mutu mumoja, mbele ya chupa, hawezi kuona.